Hewa Isiyounguza Mafuta: Turbaini za Ukanda wa Ziwa na Gharama ya Kuzipoza

Mchana wa Januari mjini Kisumu, joto likifika digrii 30, hewa inayoingia kwenye injini ya ndege ni haba kuliko abiria anavyodhani. Uwanja wa ndege uko mita 1,157 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo ukijumlishwa na joto hilo, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.01, ilhali kipimo wanachotumia watengenezaji wa injini, cha usawa wa bahari na digrii 15, ni kilo 1.225. Upungufu ni asilimia 17. Kwa injini, Kisumu ya saa nane mchana iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, juu kuliko mji wa Nakuru.

Na hata hewa hiyo haba, injini haiichomi yote. Katika turbaini ya gesi ya kisasa, kati ya asilimia 15 na 25 ya hewa inayopita kwenye kiini cha injini huchotwa njiani ikaenda kupoza vyuma na kuziba mianya. Nyingine kidogo hutolewa nje ya injini kabisa ili abiria wapate hewa na barafu iyeyuke mbawani. Tunapozungumzia mitambo hii, iwe ya ndege au ya umeme, mazungumzo huishia kwenye bei ya mafuta na ukubwa wa nguvu. Naona tunaangalia upande mmoja tu. Umri wa mtambo, na sehemu kubwa ya gharama yake, huamuliwa na hewa hii isiyounguza mafuta.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kuchota hewa huonekana jambo dogo. Kompresa iko mbele, chumba cha mwako katikati, turbaini nyuma, na turbaini ndiyo inayoizungusha kompresa kwa shafti. Katika mtambo wa kawaida wa ardhini, kompresa hula karibu theluthi mbili ya kazi yote ya turbaini. Chukua kazi ya turbaini kuwa 300, ya kompresa 200, na 100 zinazobaki ndizo za kuzungusha jenereta. Ukichota asilimia 1 ya hewa mwishoni mwa kompresa na kuitoa nje, bila kubadilisha joto la gesi, kazi ya kuigandamiza imeshafanyika na hairudi. Turbaini nayo imepoteza 3 katika 300. Zinabaki 97. Asilimia 1 ya hewa imekula asilimia 3 ya umeme. Injini mpya za ndege zina nafuu kiasi, na hewa ya kupoza hurudi kwenye mkondo ikafanya kazi kidogo kabla ya kutoka, lakini mwelekeo ni uleule.

Ndiyo maana mahali pa kuichota ni suala zito. Embraer 190 za Kenya Airways, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikitua Kisumu, hubebwa na injini za General Electric aina ya CF34-10E. Kompresa yake ya shinikizo la juu ina hatua 9. Hewa ya matumizi ya ndege huchotwa hatua ya 5. Ile ya hatua ya 9 hutumika pale injini inapozunguka taratibu na hatua ya 5 haina shinikizo la kutosha, kwa mfano ndege inaposhuka kuelekea ziwani. Kuchota hatua ya 9 wakati ya 5 ingetosha ni sawa na kulipa nauli ya Nairobi hadi Kisumu ukashuka Nakuru.

Kwa nini basi kuichota? Kwa sababu bila hewa hiyo turbaini ingeyeyuka. Wakati wa kupaa, gesi inayotoka kwenye chumba cha mwako cha injini ya kisasa ya abiria hufika digrii 1,400, na katika baadhi ya injini hufika 1,600 au kupita. Aloi za nikeli za mapanga ya turbaini huanza kuyeyuka karibu na digrii 1,300. Panga lenyewe linazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, na mzunguko huo hulivuta kutoka kwenye diski yake kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani kadhaa. Hewa inayolipoza nayo si baridi hata kidogo: kugandamizwa kumeipasha, na siku ya joto Kisumu hutoka mwishoni mwa kompresa ikiwa imepita digrii 500. Lakini mbele ya gesi ya digrii 1,500, hewa ya 500 inapoza vizuri sana.

Panga la hatua ya kwanza lililostaafishwa kutoka injini ya ukubwa huu hukaa kwenye kiganja, na ni zito kuliko linavyoonekana. Ukiliinua kwenye mwanga unaona safu za vitundu ukingoni mwa mbele na ubavuni, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu milimita hivi. Chini, kwenye mzizi unaoingia katika diski, kuna milango midogo ya kuingilia hewa. Ndani panga ni tupu. Hewa hupanda, hugeuka kwenye ncha, hushuka na kupanda tena katika njia zenye matuta yaliyowekwa makusudi ili ivurugike na kubeba joto zaidi. Kisha hutokea kwenye vile vitundu na kutandaa juu ya uso wa panga, ikawa kinga nyembamba kati ya gesi na chuma. Juu ya chuma kuna tabaka la kauri ya zirkonia, unene wake chini ya nusu milimita. Fundi anayelikagua panga kama hili hutazama kwanza vile vitundu: viwili au vitatu vikiziba mahali pamoja, doa lililoungua hutokea papo hapo.

Wazo hili lina umri. Wajerumani walitengeneza mapanga matupu ya injini ya Jumo 004 mwaka 1944, kwa kuwa vita vilikuwa vimewanyima nikeli na ilibidi chuma duni kisaidiwe na hewa. Huku kwetu teknolojia hiyo ilikuwamo katika Super VC10 za East African Airways kuanzia 1966: injini zake za Rolls-Royce Conway zilikuwa miongoni mwa za kwanza katika usafiri wa kiraia kupozwa mapanga kwa hewa ya ndani. Miaka 30 kabla yake, ndege za majini za Imperial Airways zilizokuwa zikitua kwenye maji ya Kisumu zilitegemea upepo wa nje tu, uliopita juu ya silinda za injini.

Kiasi cha hewa ya kupoza kinapangwa kwa kubanwa sana, kwa sababu wahandisi wanajua kanuni moja inayotisha: panga likizidi joto lililokusudiwa kwa digrii 10 hadi 15 tu, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Hapa ndipo Kisumu inapoingia kwenye hesabu za shirika la ndege. Injini nyingi za abiria hupangwa zitoe nguvu ileile ya kupaa hadi joto la nje lipite kiwango cha mwinuko husika kwa digrii 15. Kwa mwinuko wa Kisumu kiwango ni digrii 7.5, kwa hiyo mpaka ni digrii 22.5. Chini ya hapo injini hulipia joto la nje kwa kuongeza joto la gesi ndani. Juu ya hapo hairuhusiwi tena, na nguvu huanza kushuka. Mchana wa digrii 30 umeshapita mpaka huo mbali. Njia ya ndege iliporefushwa hadi mita 3,300 mwanzoni mwa muongo wa 2010, wengi waliona ukubwa wa ndege zitakazokuja. Mimi naona pia kwamba lami hiyo inazinunulia injini pumzi. Ndege yenye mizigo inapata nafasi ya kukimbia zaidi bila kudai kila digrii iliyobaki kwenye turbaini. Safari ya alfajiri, hewa ikiwa na digrii 18, rubani anaweza hata kupaa kwa nguvu iliyopunguzwa makusudi, na mapanga yakaongezewa umri.

Kuziba hakusemwi sana, na kwa maoni yangu ndiko kwenye ustadi mkubwa kuliko kupoza. Injini ina sehemu inayozunguka na sehemu iliyosimama, na kati yake lazima pawe na mwanya. Raba au gasketi haiwezi kuhimili kasi na joto hilo. Kwa hiyo mwanya huzibwa kwa hewa yenyewe. Sili iliyoenea zaidi ni ya meno: shafti huwa na safu ya meno makali yanayozunguka karibu kabisa na ukuta uliosimama, mara nyingi wa sega jepesi la chuma linalokubali kukwanguliwa, mwanya ukiwa sehemu ndogo ya milimita. Hewa ikipita jino la kwanza hupoteza shinikizo, huvurugika katika nafasi inayofuata, hupita la pili na kupoteza tena. Sili hii haizuii hewa yote. Huipunguza hadi kiasi ambacho mhandisi amekikusudia. Inavuja kwa makusudi, na ule uvujaji ndio kazi yake.

Tazama beringi. Hukaa kwenye vyumba vinavyorushiwa oili. Nje ya sili za kila chumba huwekwa hewa ya kompresa yenye shinikizo lililozidi kidogo lile la ndani, ili mtiririko siku zote uelekee ndani na oili isipate pa kutokea. Hewa hiyo lazima iwe na shinikizo la kutosha, lakini isiwe ya moto mno ikaiunguza oili na kuacha masizi. Ndiyo sababu hewa ya beringi mara nyingi huchotwa hatua za katikati, si mwishoni. Shinikizo likigeuka, oili hutoka. Ikitokea upande wa kompresa huingia kwenye hewa ya abiria, na ndani ya ndege hunuka soksi chafu. Ikitokea upande wa turbaini, hukutana na vyuma vyenye joto la kuiwasha.

Tarehe 4 Novemba 2010 dunia ilionyeshwa hatari ya oili mahali pasipo pake. Airbus A380 ya Qantas, iliyokuwa imetoka Singapore, ilipasukiwa na diski ya turbaini juu ya kisiwa cha Batam, Indonesia. Bomba dogo la kupeleka oili kwenye beringi lilikuwa limetengenezwa vibaya, ukuta wake ukiwa mwembamba upande mmoja. Lilipata ufa, oili ikawaka ndani ya injini, moto ukadhoofisha kiungo cha diski na shafti, na diski ikaachiwa izunguke bila mzigo hadi ikapasuka. Watu wote 469 waliokuwemo waliokoka. Kwa wanaojifunza ufundi huu, somo liko kwenye ukubwa wa kilichosababisha: kibomba kifupi, nje kabisa ya mkondo wa gesi ya moto.

Diski ina adui mwingine, gesi ya moto inayojaribu kupenya kupitia mwanya uliopo kati ya mapanga yaliyosimama na yale yanayozunguka. Hewa husukumwa kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni ili kuirudisha nyuma. Ikipungua, gesi huingia, na diski, ambayo haikutengenezwa kuhimili joto la mapanga, hupashwa pasipo mtu kuona. Panga likikatika, gamba la injini limejengwa kulizuia lisitoke. Diski ikipasuka hakuna gamba la kuizuia. Ukiniuliza kati ya kazi zote za hewa inayochotwa ni ipi isiyoweza kupunguzwa hata kidogo, nitataja hiyo.

Abiria anaifahamu zaidi ile sehemu inayomfikia mwenyewe. Huchotwa ikiwa na digrii mia kadhaa, hupozwa kwanza na hewa ya feni, hugandamizwa tena, hupozwa na upepo wa nje, halafu huachiwa ipanuke kwenye turbaini ndogo. Ikipanuka hupoa hadi karibu na kuganda. Hakuna gesi ya friji humo. Vipozaji vyake vina mapezi membamba yanayoziba kwa vumbi, na kwenye uwanja uliopakana na ziwa vilevile kwa wadudu, hasa msimu ule wingu la visubi wa ziwani linaponyanyuka juu ya maji. Ndege za pangaboi, kama Dash 8-400 za Jambojet zenye injini mbili za PW150A, humpa rubani nafasi ya kupunguza au kufunga uchotaji huu wakati wa kupaa ili nguvu yote iende kwenye pangaboi. Abiria wa Kisumu anayehisi kebini ikipata fukuto ndege inapoanza kukimbia, kisha hewa ikarudi baada ya kupanda, pengine ameketi ndani ya hesabu ile ya 300 na 97.

Na barafu? Kisumu iko karibu juu ya mstari wa ikweta, na bado barafu ni jambo la kila siku. Katika ukanda wetu hewa hufika nyuzi sifuri kwenye mita 4,500 hadi 5,000, na ndege ya Nairobi hupita humo, juu ya nyanda za Kericho na Nandi zinazojulikana duniani kwa mvua ya mawe. Embraer hupeleka hewa ya moto kwenye ukingo wa mbele wa bawa na mdomo wa injini. Dash 8 hutumia hewa ileile kujaza mifuko ya raba mbawani, inayovimba na kuvunja barafu. Mawingu ya alasiri ya ziwani yanazidai injini hewa muda uleule zinapohitaji nguvu ya kupanda.

Boeing walijaribu kuumaliza ugomvi huu. Katika 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuipokea 2014, hewa ya abiria hugandamizwa na mota za umeme na barafu ya bawa huyeyushwa kwa umeme. Injini zake huchotwa hewa kidogo mno kwa ajili ya ndege, hasa ya kuyeyusha barafu kwenye midomo ya injini. Lakini umeme huo hutoka kwenye jenereta kubwa zinazozungushwa na injini zilezile. Gharama imepungua, haijatoweka. Na kwa upande wa kupoza na kuziba, 787 inachota kama nyingine zote, kwa kuwa turbaini yake ni ya moto zaidi. Kwa safari fupi ya Kisumu, sioni ndege ndogo zikiiga mfumo huo karibuni. Jenereta hizo na mota zake ni mzigo mzito.

Viwanja vidogo vya visiwani vina shida yao. Cessna Caravan inayotua Rusinga au Mfangano hubebwa na PT6A, injini yenye hatua 3 za kompresa ya mapanga na moja ya kutawanya hewa pembeni. Kati yake kuna vali inayomwaga hewa injini ikiwa kwenye kasi ndogo, ili kompresa isizidiwe na hewa ikarudi nyuma kwa mshindo. Vali ikikwama wazi, nguvu hupungua na joto la turbaini hupanda. Vumbi la murramu linazidisha yote haya. Caravan ina mlango wa kuilazimisha hewa ikate kona kali, na mchanga usioweza kukata kona hutupwa nje. Vumbi laini huifuata hewa. Katika injini za moto zaidi, vumbi la aina hiyo huyeyuka kwenye digrii 1,200 hivi, hugeuka kioo na kuganda juu ya vitundu vya kupoza. Mashirika ya Ghuba yamelijua tatizo hilo kwa gharama kubwa.

Turbaini ya gesi kubwa kuliko zote katika ukanda huu hairuki. Iko Muhoroni. Mwaka 2016 KenGen ilianza kuhamishia huko mitambo iliyokuwa Embakasi, Nairobi, na nguvu iliyosajiliwa ya kituo ni megawati 60. Inaunguza mafuta ya taa, na umeme wake ni miongoni mwa ulio ghali kabisa katika gridi. Sababu ya kuwepo kwake ni umbali: umeme wa Olkaria ulikuwa ukifika magharibi ukiwa umechoka, na maporomoko ya Sondu Miriu, megawati 60, na Sang'oro, megawati 21, hutegemea mvua. Kuishusha kutoka mita 1,600 za Embakasi hadi 1,300 za Muhoroni kuliiongezea shinikizo la hewa kwa asilimia 4 hivi, ingawa joto la uwanda wa miwa hurudisha sehemu ya faida hiyo.

Wabunge na magazeti wameilalamikia Muhoroni kwa bei ya mafuta, na lalamiko hilo ni la haki. Ila lita za mafuta kwa kila uniti hutegemea pia mambo yasiyosemwa. Mashamba ya miwa yanapochomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi hupeperuka hadi kwenye vichujio. Kinachopenya hunata kwenye mapanga ya kompresa, shinikizo hushuka, na hewa ya kupoza na kuziba hushuka nayo, gesi ya moto ikibaki na joto lilelile. Kuosha kompresa kwa wakati ni nafuu kuliko kununua mapanga ya turbaini.

Kisha kuna sili. Mtambo wa kuokolea jahazi saa za jioni huwashwa na kuzimwa mara nyingi. Kila ukiwashwa, shafti na gamba hupanuka kwa kasi tofauti. Ukiwashwa tena kabla haujapoa sawasawa, shafti hujipinda kidogo na meno ya sili hukwangua ukuta. Mwanya uliopanuka haurudi. Kuanzia siku hiyo hewa zaidi huvuja kila saa ya kazi, na kila asilimia 1 ya uvujaji inalipwa kwa mafuta ya taa. Daftari la matengenezo la mtambo kama huu huweka hesabu mbili, saa za kufanya kazi na idadi ya kuwashwa. Mtu akitaka kujua kwa nini umeme wa Muhoroni unagharimu kiasi unachogharimu, aombe kuona zote mbili, na aanze na ile ya kuwashwa.